Jinsi viwanda vya dawa vinavyojifunza kuchanganya unga bila kusimama

MAMA mjamzito anapohudhuria kliniki katika kaunti ya Kilifi au Homa Bay, muuguzi humkabidhi tembe 3 za dawa ya SP na kumtaka azimeze papo hapo. Dawa hiyo hutolewa ili kumkinga mama na mtoto aliye tumboni dhidi ya malaria katika maeneo ya Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huo umekita mizizi.

Kila tembe inatakiwa iwe na miligramu 500 za salfadoksini na miligramu 25 za pirimethamini. Mama hana njia ya kulithibitisha hilo, wala muuguzi hana. Tembe yenye miligramu 25 za pirimethamini na nyingine yenye miligramu 15 zinaweza kuwa na rangi moja, umbo moja na uzito unaokaribiana.

Kinachozifanya zilingane ni hatua moja ya kiwandani ambayo haitajwi katika matangazo ya redio wala kwenye karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya pakiti. Hatua hiyo ni kuchanganya unga.

Kwa zaidi ya karne moja kazi hiyo imefanywa kwa mafungu. Unga hupimwa, hutiwa katika pipa kubwa, huzungushwa, kisha husubiri majibu ya maabara kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya kushindilia tembe. Tangu mwaka wa 2015, hata hivyo, baadhi ya dawa zinazouzwa duniani zimekuwa zikiundwa kwa njia tofauti, ambapo unga huingia upande mmoja wa mtambo na tembe hutoka upande wa pili bila kitu kusimama. Njia hiyo ndiyo uzalishaji mfululizo.

Wengi wanaoisifu huisifu kwa kasi yake. Kasi ipo, lakini jambo lenye uzito zaidi ni kwamba njia hii humlazimu mwenye kiwanda kujua kilichomo katika unga wake kila dakika, badala ya kungoja hadi mwisho ndipo aulize kama fungu limefaulu au limefeli.

Unga na tabia yake

Sukari ikitiwa katika chai na kuachwa, hatimaye itaenea yenyewe kikombe kizima hata bila kijiko. Unga hauna hulka hiyo. Punje hukaa pale ilipowekwa hadi isukumwe, na ikisukumwa vibaya huweza kujitenga upya na zile ambazo ilikuwa imekwisha kuchanganyika nazo.

Elimu hii si ngeni Afrika Mashariki. Anayepepeta mchele kwa ungo hutikisa na kurusha ili makapi yaende upande wake, chenga upande wake na punje nzima zibaki katikati. Anatumia tofauti ya ukubwa na uzito kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Mtengenezaji wa dawa hupigana na kile kile ambacho mpishi anakitafuta, kwa maana kila mtikisiko katika kiwanda chake ni ungo asioutaka.

Hali kadhalika, gunia la mahindi likisafirishwa kwa lori kutoka Kitale hadi Nairobi, vumbi na vipande vidogo huteremka kupitia nafasi zilizo baina ya punje na kukusanyika chini. Pipa la unga wa dawa likisukumwa kwa magurudumu kutoka chumba kimoja hadi kingine, kisha likimiminwa kutoka juu, hupatwa na mambo hayo hayo. Unga uliokuwa sawasawa saa tatu asubuhi unaweza kuwa umeachana saa tano.

Kuna ugumu mwingine usioonekana kwa macho, nao ni wa hesabu. Chukua tembe yenye uzito wa miligramu 100 inayotakiwa kuwa na miligramu 1 tu ya kiini cha dawa. Sehemu iliyobaki ni vitu vya kujazia kama vile laktosi, selulosi na wanga.

Iwapo kila punje ya kiini ina upana wa takriban robo ya milimita, uzito wake ni karibu sehemu 1 kwa 100 ya miligramu. Maana yake ni kwamba tembe moja hubeba punje 100 tu. Hata pipa likizungushwa kwa ustadi wote, bahati pekee itafanya tembe moja ipate punje 90 na jirani yake 110. Hiyo ni tofauti ya asilimia 10 ambayo hakuna kuzungusha kutakakoiondoa.

Punje hizo zikisagwa hadi nusu ya upana wake, uzito wa kila moja hupungua mara 8, na tembe hupata punje 800. Tofauti inayoletwa na bahati hushuka hadi karibu asilimia 3.5. Kwa hivyo, jibu ni kusaga zaidi.

Lakini unga uliosagwa sana nao huleta udhia wake. Hushikana na kufanya madonge, huganda kwenye kuta za chuma na hukataa kutiririka, kama unga wa muhogo ulioingiwa na unyevu. Mhandisi wa dawa huishi baina ya hatari hizi mbili: punje kubwa zinazotiririka vyema lakini hazigawanyiki sawa, na punje ndogo zinazogawanyika sawa lakini hazitiririki.

Wala haitoshi kusema pipa lizungushwe kwa muda mrefu zaidi. Tembe nyingi hutiwa stearati ya magnesi, unga mwororo wenye mafuta unaozuia tembe kung'ang'ania kwenye mashine. Kiasi chake ni kidogo sana, na hutiwa mwishoni ili kizunguke kwa dakika chache tu. Kikizidishiwa muda, hujipaka juu ya kila punje kama samli juu ya wali. Tembe inayotokana na unga huo huwa laini, hukataa maji na huchelewa kuyeyuka tumboni. Kiini kimo, kipimo ni sahihi, ila mgonjwa hakipati kwa wakati.

Fungu na kasoro zake

Pipa la kuchanganyia katika viwanda vingi lina umbo la herufi V au la sanduku lililoinamishwa, na huzunguka taratibu. Likishasimama, mfanyakazi huchukua kifaa kirefu mfano wa mkuki chenye vitundu, akakichoma ndani ya unga na kutoa sampuli kutoka pembe mbalimbali. Kwa Kiingereza kifaa hicho huitwa mwizi, na jina hilo linakifaa kuliko wengi wanavyodhani.

Mkuki huo unaposhuka huburuta unga wa juu hadi chini. Isitoshe, punje zinazotiririka kwa urahisi huingia katika vitundu vyake kabla ya zile zinazoshikana. Hivyo basi, sampuli inaweza kudanganya kwa namna mbili: kuonyesha kasoro mahali ambapo haipo, au kuificha mahali ilipo.

Swali la sampuli iwe kubwa kiasi gani liliwahi kuamuliwa na mahakama. Mnamo 1993, Jaji Alfred Wolin wa mahakama ya shirikisho jimboni New Jersey, Marekani, alitoa uamuzi katika kesi ya serikali dhidi ya kampuni ya Barr Laboratories. Alisema kwamba sampuli ya mchanganyiko haifai kuzidi mara 3 ya kipimo anachomeza mgonjwa. Sababu ni rahisi. Anayechota kikombe kizima cha unga na kukipima hupata wastani, na wastani huweza kuwa mzuri hata pale ambapo tembe moja imezidi na nyingine imepungua.

Baada ya unga kupita mtihani huo, tembe zenyewe hupimwa. Tuseme pipa lina kilo 300 za unga na kila tembe ina uzito wa miligramu 200. Fungu hilo litatoa tembe 1,500,000. Kwa kanuni ya jumla ya vitabu vya viwango vya dawa, maabara hupima tembe 10 kwanza ili kuona iwapo kila moja ina kiasi kinachokaribiana na kilichoandikwa. Matokeo yakitia shaka, nyingine 20 huongezwa.

Tembe ya SP huonyesha vyema jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi. Salfadoksini ndiyo sehemu kubwa ya tembe, kwa hivyo kuipima tembe kwenye mizani kunatosha kukisia kiasi chake. Pirimethamini ni sehemu ndogo, nayo hufuata utaratibu mkali zaidi wa kupima kiini chenyewe katika kila tembe iliyochaguliwa. Ndani ya tembe moja, dawa mbili hukaguliwa kwa mizani mbili tofauti.

Je, tembe 10 au 30 zinaweza kuzitolea ushahidi nyingine milioni moja na nusu? Zinaweza, mradi fungu lote liwe sawa kutoka juu hadi chini. Lakini usawa huo ndio ulio katika swali. Na ikigunduliwa kwamba sehemu moja ya unga imeharibika, mwenye kiwanda kwa kawaida hana njia ya kujua ni sehemu ipi, hivyo hulazimika kuliweka fungu zima kando, kulichunguza kwa majuma, na mara nyingi kulitupa.

Kutoka sufuria hadi kinu cha posho

Tofauti ya njia hizi mbili haihitaji mifano ya mbali. Anayepika uji hupika kwa fungu: sufuria moja, mwiko mmoja, na uji ukishaiva hupakuliwa. Mwenye kinu cha posho sokoni hufanya kazi kwa mfululizo. Mahindi humiminwa juu, unga hutoka chini, na kinu hakisimami mradi kuna wateja kwenye foleni.

Viwanda vya unga nchini vinakaribia hata zaidi kile kinachofanywa na wenye dawa. Kwa mujibu wa kanuni zilizoanza kutumika mwaka wa 2012, unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa ukiwa umepakiwa nchini Kenya sharti uongezwe vitamini na madini kama vile chuma na zinki. Mashine ndogo hudondosha virutubishi hivyo kidogo kidogo juu ya unga unaopita, na parafujo ndefu huuchanganya ukiwa safarini kuelekea kwenye mifuko. Huo ni uchanganyaji mfululizo wa unga, ingawa kipimo chake kinaruhusiwa kuyumba kuliko cha dawa.

Katika kiwanda cha dawa, kila kiungo hukaa katika mashine yake ya kulisha, na mashine hiyo imeketi juu ya mizani. Kompyuta husoma mizani mara kwa mara, huhesabu ni kiasi gani kimeondoka, kisha huongeza au kupunguza kasi ya parafujo inayosukuma unga nje. Mizani ikionyesha kwamba unga unapungua polepole kuliko inavyotakiwa, parafujo huzungushwa kwa haraka zaidi.

Mpango huo una udhaifu unaojulikana na kila anayeuendesha. Chombo cha kulishia kikikaribia kwisha lazima kijazwe tena, na unga mpya unapoanguka ndani yake mizani huchanganyikiwa. Kwa sekunde kadhaa kompyuta haiwezi kuiamini, hivyo huendesha parafujo kwa kukisia. Uzito wa unga mpya nao hushindilia ule wa chini, na parafujo hubeba mwingi zaidi kwa kila mzunguko. Wahandisi hupunguza tatizo hilo kwa kujaza mara nyingi na kidogo kidogo, kabla chombo hakijawa kitupu.

Kutoka hapo viungo vyote huangukia ndani ya bomba la chuma lililolazwa, lenye mhimili wa mapanga unaozunguka kwa kasi. Bomba hilo ni dogo kiasi cha kumshangaza aliyezoea mapipa ya kilo 300. Unga hukaa ndani yake kwa muda unaohesabiwa kwa sekunde au dakika chache, kisha hutoka na kushuka moja kwa moja kwenye mashine ya kushindilia. Safari ya kusukuma mapipa kutoka chumba hadi chumba huondolewa, na pamoja nayo sehemu kubwa ya nafasi ya unga kuachana.

Mapanga hayo hufanya kazi mbili. Kwanza huchanganya viungo vilivyoanguka pamoja. Pili, hurudisha nyuma sehemu ya unga ili uliokuja mapema ukutane na uliochelewa. Kazi hii ya pili ndiyo inayolainisha kuyumba kwa mashine za kulisha.

Hesabu ya Danckwerts

Msingi wa kuielewa kazi hiyo uliwekwa mwaka wa 1953 na mhandisi wa kemikali Mwingereza Peter Danckwerts, mtu ambaye mwaka wa 1940 alitunukiwa nishani ya Msalaba wa George kwa kutegua mabomu yaliyoangushwa na ndege za Ujerumani mjini London. Alionyesha kwamba vitu vinavyoingia katika mtambo kwa wakati mmoja havitoki kwa wakati mmoja. Vingine hupita haraka, vingi hufuata, na vichache huzubaa ndani kwa muda mrefu.

Ukitia rangi kidogo kwenye mdomo wa bomba na kuangalia upande wa pili, hutaiona ikitoka kwa mkupuo. Itaanza hafifu, itakolea, kisha itafifia taratibu. Mchoro wa kukolea na kufifia huko ukishajulikana, kiwanda kimepata kitu ambacho pipa halikuweza kukitoa: ramani ya kila gramu ya unga kwa saa na dakika.

Tuseme mashine ya kulisha pirimethamini imekwama kwa sekunde 20 ilipotimu saa nne na dakika 4 asubuhi. Kompyuta, kwa kutumia ramani hiyo, hujua unga ulioathirika utaanza kufika kwenye mashine ya tembe lini na utakuwa umekwisha kupita lini. Mlango mdogo hufunguka, tembe za dakika hizo huelekezwa kwenye pipa la taka, kisha mlango hufungwa. Zilizotangulia na zitakazofuata huendelea na safari. Palipokuwa na fungu zima la kutupwa, sasa zimetupwa dakika chache.

Macho ya mtambo ni vihisi vya miale ya infraredi iliyo karibu na mwanga wa kawaida. Miale hupigwa juu ya unga unaopita, na kila kemikali hunyonya sehemu yake ya miale kwa namna yake. Kwa kusoma kilichorudi, kompyuta hukisia kiasi cha kiini bila kugusa unga wala kungoja maabara.

Vihisi hivi navyo havina uchawi. Huona tabaka jembamba tu la juu. Kioo chake kikipakwa vumbi, husoma lile lile vumbi siku nzima. Lazima vifundishwe kwa sampuli nyingi ambazo kiasi chake kinajulikana, na vifundishwe upya iwapo laktosi imenunuliwa kwa muuzaji mwingine mwenye punje za ukubwa tofauti. Zaidi ya hayo, kiini kikiwa kidogo mno, mfano wa tembe ya moyo ya digoksini yenye robo ya miligramu, miale hiyo hupata taabu kukitambua.

Waliotangulia

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichapisha mwongozo wa kuhimiza upimaji wa namna hii ndani ya mitambo mwaka wa 2004. Mnamo 2007 kampuni ya Novartis ilianzisha kituo cha utafiti pamoja na chuo cha MIT kwa ahadi ya dola 65 milioni kwa miaka 10. Watafiti wake waliunda dawa ya shinikizo la damu ya aliskireni kwa mfululizo, kuanzia kemikali hadi tembe, kwa muda wa saa 47 badala ya takriban saa 300.

Idhini ya kwanza kwa dawa mpya iliyobuniwa ikiwa na utaratibu huu ilitolewa Julai 2015 kwa Orkambi, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa mapafu iliyoundwa na kampuni ya Vertex ya Boston.

Hatua iliyokuwa na maana zaidi kwa bara la Afrika ilikuja Aprili 2016. Kampuni ya Janssen iliruhusiwa kuhamisha tembe za Prezista za miligramu 600 kutoka uzalishaji wa mafungu hadi mfululizo katika kiwanda chake cha Gurabo, Puerto Rico, baada ya miaka ya utafiti pamoja na Chuo Kikuu cha Rutgers. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa iliyokwisha kuidhinishwa kubadilishiwa njia nchini Marekani. Kiini chake, darunaviri, hutumika pia nchini Kenya kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao dawa za awali zimeshindwa kuwasaidia.

Kampuni za Eli Lilly na Pfizer zilifuata kwa baadhi ya dawa zao za saratani mwaka wa 2017 na 2018. Mnamo Novemba 2022 mwongozo wa kimataifa unaojulikana kama Q13 ulipitishwa, na miongoni mwa mambo uliyoyafafanua ni swali linaloonekana dogo: fungu ni nini katika mtambo usiosimama? Jibu ni kwamba linaweza kupimwa kwa uzito wa unga ulioingia au uliotoka, au kwa muda ambao mtambo umeendeshwa. Bila ufafanuzi huo, hakuna mkaguzi ambaye angejua ni tembe zipi za kurudishwa kutoka madukani iwapo kasoro ingegunduliwa.

Nafasi ya Kenya

Viwanda vya Kenya, kama vilivyo vingi duniani, huunda tembe kwa mafungu, na viini vya dawa zao huagizwa zaidi kutoka India na China. Hilo halijavizuia kufikia viwango vya juu. Mwaka wa 2022 kampuni ya Universal Corporation iliyoko Kikuyu, kaunti ya Kiambu, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kwa ubora wa tembe zake za SP. Mwaka wa 2025 dawa yake ya virusi vya Ukimwi, ambayo huunganisha miligramu 50 za dolutegraviri na miligramu 600 za dawa nyingine mbili, ilinunuliwa na Hazina ya Kimataifa na kupelekwa Msumbiji.

Je, viwanda hivyo vifuate mkondo wa Gurabo? Hesabu haiwapendelei kwa sasa. Mtambo wa mfululizo unaopitisha kilo 25 za unga kwa saa hutoa tembe 125,000 za miligramu 200 katika saa hiyo, na milioni 3 kwa siku nzima. Kampuni ya Nairobi inayounda dawa kadhaa tofauti, kila moja kwa kiasi cha wastani, ingekamilisha oda ya miezi kwa siku chache, kisha isimamishe kila kitu ili kufungua mashine zote za kulisha, kuziosha na kuthibitisha kwamba hakuna chembe ya dawa iliyotangulia.

Pana pia hasara ya mwanzo. Mtambo huchukua muda kabla ya kutulia, na tembe za muda huo hutupwa. Katika uzalishaji wa juma zima hasara hiyo haisikiki. Katika uzalishaji wa saa nne, kwa kiini cha bei ghali kilichonunuliwa kwa dola, huuma. Mtambo huu hulipa pale ambapo dawa moja inahitajika kwa wingi mwaka mzima, na dawa za namna hiyo katika eneo hili ni chache. Za Ukimwi na malaria zimo miongoni mwazo.

Kinachoweza kununuliwa kabla ya mtambo wenyewe ni macho yake. Kihisi cha infraredi huweza kufungwa kwenye pipa la kawaida na kuonyesha wakati unga umechanganyika na wakati umeanza kuachana. Kingine, cha kushikwa kwa mkono, huweza kuelekezwa kwenye kila pipa la malighafi linaloshushwa langoni na kutambua unga kwa sura yake ya kikemikali, pasipo kutegemea karatasi iliyobandikwa nje.

Thamani ya ukaguzi huo ilionekana mjini Lahore, Pakistan. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 wagonjwa waliokuwa wakipewa dawa za moyo na hospitali moja ya umma walianza kuishiwa chembe za damu, na zaidi ya 200 wakafariki. Uchunguzi wa maabara nchini Uingereza ulionyesha kwamba tembe moja ya moyo ilikuwa na kiasi kikubwa cha pirimethamini, dawa isiyokuwa na sababu yoyote ya kuwa humo. Ilikuwa imeingia kiwandani, katika hatua ya unga.

Hiyo ni pirimethamini ile ile ambayo mama wa Kilifi humeza kwa kipimo cha miligramu 75 na kurejea nyumbani salama, kwa kuwa huimeza siku moja na hangoji kuimeza tena kesho yake. Wagonjwa wa Lahore waliimeza kila siku bila kujua.

Kihisi, hata hivyo, huhitaji mtu wa kukifundisha na wa kutilia shaka majibu yake, naye ni adimu kuliko kihisi chenyewe. Katika eneo hili, Shule ya Famasia ya Kilimanjaro mjini Moshi, Tanzania, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, imewafunza wafanyakazi wa viwanda na wakaguzi wa serikali kutoka nchi kadhaa za Afrika jinsi tembe inavyoundwa, kuanzia unga ukiwa bado kwenye pipa.